Bi Mwiko Hajala Kitu

Kuna mambo mawili huwezi kumwambia bibi yangu kisha ukabaki salama: kwamba chakula chake hakina chumvi, na kwamba yeye ni mwongo. La kwanza halijawahi kutokea. La pili lilitokea Alhamisi asubuhi kwenye korido ya maabara, mbele ya mabenchi yaliyojaa watu na wengine wameegemea ukuta, na aliyelisema ni mwanamume wa koti jeupe ambaye hata jina la bibi hakuwa amelishika.

"Mama, umekula."

"Sijala, mwanangu."

"Umekula. Damu haidanganyi, watu ndio wanaodanganya." Akamkabidhi bibi karatasi ya majibu bila kumtazama, kisha akapaza sauti juu ya vichwa vyetu: "Mwingine!"

Hilo ndilo neno lake. Nadhani hata siku ya harusi yake, alipomaliza kuvishwa pete, aligeuka akaita hivyohivyo. Basi na sisi tumwite Mwingine, maana jina lake naye hakutupa.

Mimi ni mtu wa maneno. Natengeneza simu kwenye kibanda kilichobanana kati ya duka la viatu na kinyozi, na wako wateja wanaoniletea simu nzima ili tu wanisikie. Lakini pale koridoni ulimi uliniganda. Nilimwona bibi, mwanamke anayewafokea wanaume wa kiwanda kizima wakanyamaza, akipapasa ukuta ili ainuke, na watu wakimpisha huku wanamkodolea macho kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani kwapani. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa ule mnong'ono unaofika mpaka getini: "Hawa wazee wanapenda sana vitamu."

Nilitaka kumjibu kwamba hata yeye, kwa umbo lile, hakufikishwa pale na mchicha. Bibi akanifinya mkono. "Twende, mume wangu," akasema. Ndivyo anavyoniita, mimi mjukuu wake, tangu nikiwa natambaa. Siku nyingine huliita jina hilo kwa kejeli. Siku ile aliliita kama mtu anayeomba fimbo ya kutembelea.

Sasa nieleze tulifikaje pale.

Bibi ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. La kushoto limeshafunga duka. La kulia linaona kwa taabu, kama unavyochungulia kupitia kioo cha bafuni mtu akitoka kuoga maji ya moto. Na bado anafanya kazi. Ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha magodoro, mahali ambapo watu wanalipwa kushinda karibu na magodoro mapya bila kulala. Wafanyakazi wanamwita Bi Mwiko, kwa sababu hauachi mkononi, na kwa sababu siku moja alimkimbiza nao msimamizi wa zamu aliyetaka kupakuliwa kabla ya wenzake.

Hospitali yetu haina daktari wa kupasua macho. Inakuja timu kutoka mbali, mara moja kwa mwaka. Inakaa kidogo, inafungua watu macho, inafungasha. Miezi miwili kabla haijafika, wote walioomba nafasi walipimwa damu, na bibi akaambiwa sukari yake iko juu. Daktari wetu wa macho, asiyepasua, mwanamke mpole ila mwenye haraka kama anayedaiwa na saa yake, akamweleza kwamba mtu ambaye sukari haijatulia hafanyiwi upasuaji, kwa kuwa kidonda kinaweza kugoma kupona.

"Punguza vitamu, mama. Tembea tembea. Timu ikifika tunapima tena. Siku ya kupima uje hujala."

Ni hayo tu. Uje hujala. Maneno mawili, na mlango ukafunguliwa mwenzake aingie.

Bibi aliyafuata kama askari. Mama yangu, ambaye ni binti yake, akalificha kopo la sukari juu ya kabati, mahali ambapo hata mimi nalifikia kwa kupanda stuli. Ndizi mbivu zikapigwa marufuku nyumbani. Chai ya bibi ikawa maji ya rangi. Alikuwa anainywa amekunja uso kama anayelipa faini. Kila jioni alizunguka mtaa mzima akinishika bega, huku ananisimanga kwamba natembea kama mtu aliyekopeshwa miguu. Alikonda. Magauni yakaanza kumvaa yeye.

Timu ikafika. Alhamisi tukaenda kupima. Asubuhi hiyo hakunywa hata tone la maji, kwa hofu kwamba na maji yanahesabiwa, kwa hiyo mishipa ikawa imejificha. Mwingine alimchoma mkono wa kulia, akakosa. Akachoma tena, akakosa. Akahamia kushoto, akitafuta mshipa kama mtu anayetafuta chaja gizani. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akasema, "Mama, maji matupu yanaruhusiwa. Ukiyanywa mishipa inatoka yenyewe. Mimi nilijua baada ya kutobolewa kama chujio."

Nikamgeukia Mwingine. "Kumbe maji yanaruhusiwa?"

"Kila mtu anajua," akajibu.

Kila mtu! Kila mtu ni nani, na anaishi wapi, nimtafute nimsalimie? Tuliokuwa mle koridoni nusu yetu midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu.

Ndipo majibu yakatoka. Sukari ilitakiwa isifike saba. Ya bibi ilikuwa nane na kitu, palepale ilipokuwa miezi miwili nyuma. Miezi miwili ya chai chungu, na tarakimu haikutikisika hata kidogo. Na badala ya mtu mmoja katika jengo lile lote kujiuliza imekuwaje, akaitwa mwongo, basi, kazi ikaendelea.

Daktari wa macho aliiangalia ile karatasi akashusha pumzi. "Mama, nakupa nafasi ya mwisho. Jumanne. Upasuaji wa mwisho ni Jumatano na timu inaondoka. Jumanne ikiwa juu tena, nafasi yako nampa mwingine, wewe tukutane mwakani."

Bibi akauliza, taratibu, "Na mwakani, hili jicho moja litakuwa linaona nini?"

Daktari hakumdanganya. "Mwanga," akasema. "Labda na vivuli."

Mpishi wa vivuli. Kiwanda kingempa mkono wa kwaheri, na godoro juu.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri zaidi. Mama alisubiri bibi avue viatu, akakaa karibu naye, akasema kwa ile sauti laini ya mtu anayekaribia kukosea: "Mama, kama kuna kitu ulikula, hata kidogo, sema tu. Hakuna atakayekugombeza."

Bibi alichukua kiti chake akaenda kukaa nje, akaelekeza uso barabarani, ambako hakuna alichokuwa anakiona. Nikamfuata.

"Na wewe?" akaniuliza. "Unaniona mwongo?"

"Mke wangu," nikamwambia, "wewe ni mkali, ni mbahili, na ukikoroma mabati yanahama. Mwongo? Hapana."

"Tangu nianze kupika, sijawahi kula kabla ya watu wangu kula. Hata siku moja. Mpishi wa namna hiyo kwangu ni mwizi. Nilishamfukuza mmoja kwa kosa hilohilo. Leo nikale kwa siri, halafu nimdanganye mtoto mwenye sindano?"

Nilimwamini, na kwa kumwamini nikachukia zaidi. Nikaapa kwamba Jumatatu jioni mpaka Jumanne asubuhi sitamwacha hata hatua moja, ili Mwingine akifungua mdomo nimwambie: mimi ndiye shahidi, nimekaa naye, hajala kitu.

Na kweli nilimlinda. Jumatatu alikula mapema, wali kidogo na maharage, akanawa mikono, akasema, "Nimefunga mdomo." Nikaweka jagi la maji kando ya kitanda chake. Nikajilaza kwenye mkeka mlangoni kama mlinzi wa benki, tofauti ni kwamba mlinzi wa benki hapigwi fimbo kwa kukoroma.

Alfajiri akaamka, akavaa aproni.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza. "Tunakwenda hospitali."

"Hospitali wanafungua saa mbili. Zamu ya usiku inatoka saa kumi na mbili, na ya asubuhi inaingia. Watakunywa nini, hewa? Nawasha jiko, nawaandalia, namwachia msaidizi, ndipo tunakwenda. Hata Alhamisi nilifanya hivyo. Hata ile mara ya kwanza."

Mimi wakati wa vipimo vile viwili nilikuwa nakutana naye hospitali, yeye akitokea kazini. Sikuwahi kuona alfajiri yake. Safari hii nilikwenda.

Jiko la kantini ni chumba kirefu chenye masufuria ambayo mtoto anaweza kuogelea. Mvuke ulikuwa umejaa mpaka taa zikaonekana kama zimefungwa pamba. Na katika ukungu ule bibi alikuwa anatembea kama mwenye macho manne: mkono huu unajua chumvi ilipo, ule unajua kifuniko kilipo. Nilisimama pembeni na kujisikia fahari. Nikataka hata kuwaambia wale waliokuwa wanamenya vitunguu kwamba huyo ni mke wangu.

Akachota uji kwa mwiko, akamimina kiganjani, akalamba. Akatikisa kichwa, akaongeza sukari, akakoroga. Akachota tena, akamimina, akalamba.

Nikadhani nimeona vibaya.

Akahamia kwenye chai ya maziwa. Akamimina kidogo kwenye kikombe cha bati, akanywa. Akaongeza sukari, akanywa tena, safari hii mpaka chini. "Haijakolea," akasema peke yake, akaongeza. Akanywa. Kisha akarudi kwenye uji, kwa sababu wakati anahangaika na chai mtu alikuwa ameongeza maji.

"Bibi!"

Jiko zima likageuka.

"Nini? Umeungua?"

"Unafanya nini?"

"Naonja."

"Bibi, umekula!"

Ule mwiko ulisimama hewani, na kwa sekunde moja nikamwelewa vizuri yule msimamizi wa zamu aliyekimbizwa.

"Nani amekula? We mtoto una wazimu? Naonja!"

"Vikombe vitatu vya chai ya sukari, bibi!"

"Vitatu vya kuonja!" Akaweka mwiko chini, akakunja mikono. "Sikiliza. Kula ni kukaa. Unanawa, sahani iko mbele yako, unakula, unashiba. Umeniona nimekaa? Umeniona na sahani? Hii ni kazi. Fundi akipima ubao kwa mkono, amejenga nyumba?"

Wamenya vitunguu wakaitikia kwa pamoja kwamba hapana, hajajenga. Nilikuwa nimeingia kwenye mahakama ambayo majaji wote ni wapishi. Nikamuuliza mmoja wao, dada mwenye kilemba, "Wewe asubuhi hii umekula?"

"Bado," akajibu bila kufikiri, na mchuzi ukiwa kwenye kidevu chake.

Hapo nikaishiwa hasira na nikajaa hasira nyingine. Bibi hakudanganya! Hakuna mpishi pale ambaye angejibu vingine. Ukimuuliza mpishi kama amekula, unamuuliza kama amekaa mezani. Kijiko hakihesabiwi, kama vile mimi sihesabu kwamba nimepiga simu kila ninapojaribu spika ya mteja.

"Zamani ulikuwa unaonja hivi?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Zamani naonja mara moja, naacha. Chai naijua kwa rangi, uji kwa namna unavyodondoka kwenye mwiko. Sasa sioni rangi. Sioni unavyodondoka. Ulimi ndio macho yangu."

Nililazimika kukaa juu ya gunia la viazi. Macho yanafifia, kwa hiyo anaonja zaidi. Anaonja zaidi, kwa hiyo kipimo kinapanda. Kipimo kinapanda, kwa hiyo macho hayatibiwi. Na miezi miwili tulimnyima ndizi!

Nilipomweleza, aliifunika sufuria ya uji. Halafu akavua aproni. "Kumbe leo nimeshaharibu," akasema.

Tulifika hospitali foleni ya watu ikiwa imeshapamba moto. Zamu yetu ilipofika, nikatangulia mimi.

"Asipimwe sasa hivi," nikamwambia Mwingine. "Asubuhi ameonja chai na uji. Ni mpishi."

"Kwa hiyo amekula. Niliwaambia."

"Hukutuambia, ulimtukana. Ulimuuliza anafanya kazi gani?"

"Kijana, mimi napima damu, sipimi kazi."

"Sasa damu umeipima mara mbili, imekusaidia nini? Nane, nane. Hata simu ikizima mara mbili mimi namuuliza mwenyewe: imeingia maji? Ilianguka? Sisemi tu simu haidanganyi!"

Korido ikacheka. Mwingine hakucheka. "Kipimo hiki kinataka saa nane bila chochote isipokuwa maji," akasema. "Na sampuli za wagonjwa wa nje mwisho saa nne asubuhi. Mchana ni za wodini. Huo ndio utaratibu. Mwingine!"

Nikamkimbilia daktari wa macho. Nikamkuta akitembea, nikamweleza nikitembea naye, kwa sababu kusimama hajui. Kwa mara ya kwanza nikamwona akisimama.

"Anaonja?" akasema. "Masufuria ya kiwanda kizima?" Akashika paji la uso. "Kipo kipimo kinachosoma wastani wa sukari wa miezi mitatu. Hicho hakijali umekula nini asubuhi. Hapa kwetu hakipo. Tukipeleka damu nje, majibu ni wiki ijayo."

"Timu ikiwa imeshaondoka."

"Ikiwa imeshaondoka. Majina ya upasuaji wa kesho nayatoa leo saa kumi jioni. Akiniletea majibu safi kabla ya hapo, anaingia. Lakini maabara siiamuru mimi."

Yaani kipimo hicho kingefanyika miezi miwili nyuma, kwa kupeleka tu chupa ndogo ya damu na kusubiri wiki moja! Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo sikuichagua. Akasema, "Najua." Basi. Najua. Ukimlaumu mtu akakujibu hivyo, hasira inabaki mikononi haina pa kutua.

Niliporudi, bibi alikuwa ameshachagua mahali: benchi la mbele kabisa, magoti yakitazamana na mlango wa maabara.

"Nimeacha kuonja saa kumi na mbili," akasema. "Nitakaa mpaka saa nane mchana. Niletee maji."

"Amesema mchana hapokei."

"Nimemsikia. Macho ndiyo mabovu."

Akakaa. Watu wakaingia na kutoka, yeye akakaa. Nikamletea maji, akayanywa kwa mpango. Kila Mwingine alipotoka kuita, alikutana na uso wa bibi, umetulia, unamwelekea kama saa ya ukutani. Njaa ilipoanza kumuuma akaanza kupika kwa pua: "Huyo anayepita ameunguza vitunguu. Yule kijana ana samaki wa jana, mwambieni asile." Mtu wa samaki akaenda kuutupa mfuko wake.

Saa nane ilipofika korido ilikuwa imepungua, na Mwingine akaufunga mlango ili ale. Mlango ule huwa wazi kutwa, umebanwa kwa tofali. Ulipofungwa, nikaona tangazo lililokuwa limebandikwa nyuma yake, upande unaogusa ukuta. Maandishi madogo kama ya kwenye pakiti ya vidonge. Mgonjwa asile wala kunywa kitu chochote isipokuwa maji kwa saa nane kabla ya kipimo cha sukari. Maji ruhusa! Limeandikwa! Linaonekana pale tu ambapo hakuna anayepimwa, kwa herufi ambazo wagonjwa wa macho wangehitaji darubini.

Niligonga mlango kwa ngumi.

Mwingine akafungua, mkononi ana chombo cha chakula chake na kijiko. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyoutegemea. Kabla sijaanza, bibi akainua pua.

"Mwanangu, hicho hakina chumvi."

Akamtazama, akaangalia chakula. "Kweli," akasema, kama mtu aliyeibiwa siri. "Kapika mke wangu."

"Hakuonja?"

"Anaonja. Leo alichelewa, ila kila siku anaonja. Akipika lazima aonje."

"Na asubuhi ukimuuliza kama ameshakula, anakujibuje?"

"Anasema..." Kijiko kikabaki njiani. Nilitamani kumsaidia kwa maneno kama kumi hivi, lakini bibi alikuwa ameshanishika mkono, na ule mshiko naujua.

"Anasema bado," Mwingine akamalizia, polepole.

Akaweka chombo chini, akanawa mikono, akavaa glovu. "Ingia, mama. Za wodini zitasubiri."

Mshipa ulitokea mara moja, mnene kama mzizi, kazi ya maji. Tulisubiri. Bibi alikuwa anatembeza kidole gumba kwenye pamba ya mkononi, huku na huku.

Mwingine akatoka na karatasi. Akainama karibu na bibi akasema kwa sauti ya chini, "Tano na nukta moja. Nzuri, mama. Nzuri kuliko yangu."

"Sema kwa sauti."

"Mama?"

"Alhamisi uliniita mwongo kwa sauti. Usininong'oneze."

Mwingine akanyoosha mgongo. Akakohoa. "Mama huyu hakudanganya!" akatangaza. "Sukari yake iko sawa!"

Kwenye korido alikuwepo mfagiaji mmoja, na ndoo yake.

"Umeona?" bibi akaniambia wakati nikimkimbiza kwa daktari, karatasi mkononi. "Kunisema, korido nzima. Kunisafisha, fagio na ndoo."

Jina lake likaingia. Jumatano wakamfanyia jicho la kulia, Alhamisi asubuhi wakamfungua bandeji. Alikaa kitandani akiangalia mikono yake, mbele na nyuma. Kisha akaniangalia mimi kwa muda mrefu mpaka nikaona haya.

"Mume wangu," akasema, "kumbe ni mbaya hivi?"

"Wakufunge tena," nikamjibu, nikajifanya natafuta viatu vyake.

Nilidhani tunakwenda nyumbani moja kwa moja. Akashika njia ya maabara, bila ukuta, bila bega langu. Korido ilikuwa imejaa pomoni, na yule mama wa mnong'ono alikuwepo, amerudi kupima tena, midomo imemkauka. Bibi akalisogeza tofali kwa mguu, akaufunga mlango wa maabara mbele ya watu wote, akalisoma tangazo kwa sauti kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Alipofika kwenye maji, watu wakaguna. Mmoja akasema, "Maji? Sasa mbona mimi nakufa?"

"Nipe kalamu yako," bibi akaniambia. Nina kalamu nene ya kuandikia majina ya wateja kwenye betri, haitoki mfukoni. Nikampa. Chini ya yale maandishi ya sisimizi, kwa herufi kubwa kama vifuniko vya sufuria, akaandika: NA KUONJA NI KULA. WAPISHI MNASIKIA?

Nyuma yake mama wa mnong'ono akajishika mdomo. "Jamani," akasema, "mimi nauza juisi."

Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Mwingine akalitazama tangazo lake, akamtazama bibi, akaitazama kalamu.

"Mama, unaandika kwenye mlango wa serikali?"

Bibi akafunika kalamu, akanirudishia, akamtazama vizuri, kuanzia viatu mpaka nywele, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Na kweli ilikuwa mara ya kwanza.

"Mlango huu usiubane tena na tofali," akamwambia, "watu wasome." Kisha akageukia mabenchi, akapaza sauti ile inayosimamisha kiwanda: "Haya, nani mwingine hajaambiwa?"

Mikono ikanyanyuka korido nzima.